Mnoaji Aliyejua Mkono Wangu

Kabla hajagusa mundu yako, alitaka kuona kiganja chako. Hakusema lete mundu. Alisema, "Lete mkono." Ukishangaa, aliuchukua mwenyewe, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya sugu zako, kisha akauachia kama mtu aliyeuliza bei akaona haimhusu. Hapo ndipo alipouliza, "Unakata nini?" Ukisema majani ya ng'ombe, alichukua jiwe moja. Ukisema vichaka, alichukua jingine. Ukisema "kila kitu," alikurudishia mundu yako.

Nitamwita Mnoaji, maana ndivyo soko zima la Kasulu lilivyomwita. Jina lake nalijua. Alikozaliwa na watu wa kwao siviandiki, wapo wa kuviandika. Wengine humu nitawataja, na wakisikia wajijue. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta Kiswahili cha redioni awashe redio.

Kikao chake kilikuwa barazani kwa Haji, mwenye duka la vitenge na sabuni, ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye mpaka leo anatutamkia maneno polepole kama anatulisha uji. Siku nyingine Mnoaji alipanda gari kwenda soko la Kibondo, mawe yake kwenye mfuko wa unga, na huko nako alikuwa na watu wake. Lakini ukimtaka kwa hakika ulimtafuta kwa Haji. Aliketi chini, miguu ameinyoosha, gogo la mti katikati ya mapaja, kopo la maji kulia kwake.

"Mzee, wewe unanoa au unabembeleza?" Haji alimwuliza siku moja, mbele ya wateja.

"Nabembeleza. Wewe wa kwako ungembembeleza asingekuwa na makali kila upande."

Haji alicheka mpaka akaingia ndani kukaa. Mkewe alikuwa dukani, alisikia. Wiki ile Mnoaji alinyimwa chai.

Sasa, mundu si kisu. Kisu kimenyooka, hata mtoto atakisugua kwenye ngazi ya nyumba kikate nyama. Mundu, ile sisi nyumbani tunaiita umuhoro, imejipinda, na makali yako ndani ya pindo. Watu wengi huchukua jiwe bapa wakaisugua humo. Jiwe bapa linagusa mwanzo wa pindo na mwisho wake, katikati halifiki. Matokeo yake mundu inakuwa na makali mahali usipokatia na ubutu mahali unapokatia. Mnoaji alitumia mawe ya mviringo, ya mtoni, moja nene kama gunzi la hindi, jingine kama kidole. Mundu aliibana kwenye gogo kwa paja, ikatulia. Jiwe ndilo lililotembea. Lilianzia shingoni, pale chuma kinapotoka kwenye mpini, likafuata pindo mpaka karibu na ncha, mkupuo mmoja, likanyanyuliwa, likarudi shingoni. Hakusugua nenda rudi hata siku moja. Aliyesugua nenda rudi alimwambia, "Unafuta meza?"

Ncha aliiita pua, na pua aliiacha butu. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mwenye mundu anaangalia anapokata, haangalii pua inapoelekea, na pembeni yake pana mwenzake.

Alinoa upande mmoja tu. Upande wa pili aliulaza jiwe mara mbili, kuondoa ule uzi mwembamba wa chuma unaobaki ukingoni, basi. Kujaribu, hakuweka kidole. Alining'iniza ganda kavu la mgomba, akalivuta na mundu kwa uzito wake yenyewe. Likikatika bila kupepea, imekwisha. Likipepea, anaanza tena, hata kama una haraka, hata kama gari lako la Kagerankanda linapiga honi.

Mimi ni mtu wa mashoto. Shuleni mwalimu aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kamba ya katani, nyumbani mama aliupiga mwiko. Shambani hakuna aliyejali, walinipa mundu kama wengine. Na tangu usichana nilijikata goti. Nina makovu kama ngazi. Walisema mashoto hawajui kazi, nami nilikubali, maana goti lilikuwa langu na damu ilikuwa yangu.

Siku nilipompelekea mundu mara ya kwanza alichukua mkono wangu wa kulia, akaugusa, akauacha. "Lete ule." Nikampa wa kushoto, naona aibu. Alicheka kidogo. "Hii mundu umeazima."

"Ni yangu, Mzee. Nimeinunua hapa hapa sokoni."

"Umenunua ya mtu wa kulia. Makali yamelazwa upande wa mkono wa kulia. Ukiivuta kwa kushoto haiingii kwenye mti, inapanda juu ya ganda inatafuta goti. Lete goti nione."

Nikafunua kidogo. Haji akageuza uso. Mnoaji akahesabu makovu kwa Kiha, kisha akaanza kazi. Aliua makali yote ya upande ule kwa tupa, akalaza mengine upande wa pili, kazi ya saa nzima na zaidi. Jioni nilipofika nyumbani nilikata tawi la mpera. Likaanguka. Nikakata jingine, bila sababu, mume wangu akatoka kuuliza kama nimerogwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimedhani siku zote kwamba mbovu ni mimi.

Kwa hiyo msinidhanie kwamba huyu mtu nilimchukia tangu mwanzo. Toka siku ile aliniita Mashoto, na nilipopita na mzigo kichwani aliita, "Mashoto! Goti?" nami nikaitika, "Zima, Mzee!" Watu walitushangaa.

Hasira yake kubwa ilikuwa mashine. Kuna kijana wa kuchomelea vyuma, Filbati, alileta grinda sokoni, akawa ananoa mapanga na mundu kwa dakika moja, cheche zinaruka mpaka kwenye dagaa za watu. Watu walijipanga. Mnoaji alikaa kwake anatazama. Mundu zetu wahunzi huzifua kwa spring za lori. Kile chuma, alisema, ni kizuri lakini kina kinyongo. Ukikisugua taratibu na maji, kinabaki kama kilivyofuliwa. Ukikiwasha moto kwa grinda kinakuwa chekundu ukingoni, na Filbati alikuwa akiona kimekuwa chekundu anakichovya kwenye ndoo ya maji baridi ili mteja asiungue. Kikichovywa hivyo kinakuwa kama kigae cha chungu. Kinakata vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili kinapasuka.

Mnoaji alikuwa akinoa, kila baada ya mikupuo michache anaigusisha mundu shavuni. "Ukisikia joto umeshachelewa," alisema. Na kabla ya kunoa mundu yoyote aliitundika kwa uzi wa mgomba, akaigonga kwa ukucha, akasogeza sikio. Nzima inalia, mlio mrefu mwembamba. Yenye ufa, hata ufa usioonekana, inasema tok, inanyamaza. Ya namna hiyo aliiweka kando na kumwambia mwenyewe apande nayo mahindi, maana kukatia haifai.

Alikuwa na misimamo. Siku moja alikuja mtu mwenye koti, akatoa mundu mpya, akataka inolewe pande zote mbili na pua iwe ndefu. Mnoaji akasema mti unaukabili kwa upande mmoja, pande mbili ni kwa ajili ya mtu. Yule bwana akasema, "Noa Mzee, mambo ya kanisani Jumapili." Mnoaji akaiweka mundu chini ya paja lake, akaikalia. Yule bwana alifoka, akatishia, akazunguka. Haji akatoka na mizani yake mkononi. "Mwache ndugu yangu. Huyo akikalia kitu hakitoki mpaka anyanyuke kuswali, na yeye haswali." Ilipofika mchana yule bwana akaondoka bila mundu.

Na Mnoaji huyo huyo, nyumbani kwake kisu kilikuwa kibutu. Mkewe alituambia wanawake kisimani, "Kwangu nyanya zinapasuliwa kwa hasira." Na alikuwa mwongo wa vitu vidogo. Jiwe lake moja alisema limetoka Kongo, jingine amepewa na mzungu. Hilo la Kongo Haji alimwona kwa macho yake akiliokota njia ya Kibondo, pale lori la mchanga lilipolala. Tulicheka. Nilidhani mtu wa uongo mdogo ukweli mkubwa anautunza.

Sasa nitasema jambo lenyewe. Nimechoka kulibeba.

Lilikuwapo shamba la tajiri mmoja huku kwetu Kagerankanda, kubwa, la kufyeka. Msimamizi wake alikuwa Medadi. Tulikuwa wanawake tisa. Mundu zilikuwa za shamba, lakini mimi kwa sababu ya mashoto nilikuwa na yangu ya peke yake, Medadi aliitia alama ya rangi nyekundu kwenye mpini, akaziweka zote stoo. Zilipokuwa butu, Medadi akazipeleka kwa Filbati zikasagwa na grinda, zote tisa, asubuhi moja. Lakini makali ya grinda yalikuwa mabaya, meno meno, na yangu ilikuwa imelazwa upande wa kulia, nikamrudishia. Akazipeleka kwa Mnoaji zikalainishwe. Zikarudi zinakata kama wembe. Nilifurahi. Nilishika yangu nikasema, ah, amekumbuka mkono wangu.

Pembeni yangu alifyeka Generoza. Alikuwa mdogo kwangu, hajaolewa, anaimba vibaya, tunamwambia anyamaze haachi. Kichaka unakiinamisha kwa mkono mmoja, unakivuta na mundu kwa mkono mwingine. Nilivuta. Mundu ikakatika katikati ya pindo, bila kuniambia kitu. Kipande kilichobaki kwenye mpini kilipita kwenye mkono wangu wa kulia, vidole viwili vikaenda. Kipande cha mbele kiliruka kikampata Generoza kwenye nyonga, kwa ndani, pale damu inapopita nyingi.

Medadi alikuwa na pikipiki. Naandika hili jina tena: Medadi. Alikuwa na pikipiki, ina mafuta, imesimama chini ya mti. Alimpigia tajiri simu kwanza. Akaeleza, akasikiliza, akaeleza tena. Mimi nimemfunga Generoza kwa kitenge changu na damu yangu na yake hazijulikani. Alipokata simu, Generoza alikuwa hajibu.

Wiki mbili baadaye paliitishwa kikao. Medadi alisema ajali imetokana na mtumiaji, yule mama ana mkono wa shoto na hajui kazi, wote mnajua magoti yake. Filbati alisema mundu mia amezisaga hakuna iliyovunjika. Mama Anezia, jirani yangu, tumekula naye sahani moja, alisimama akasema kwamba mkono wa shoto una mkosi, hata kwao ilikuwa hivyo. Nilikuwa na bandeji mpaka kiwikoni. Nilisema, "Mwiteni Mnoaji. Yeye anajua chuma."

Wakamwita. Wakampa vipande viwili. Alivishika muda mrefu. Alivigeuza penye mvunjiko, akasugua kidogo kwa kidole, na mimi niliona, nilikuwa karibu, niliona chini ya vumbi rangi ya buluu, rangi ya chuma kilichoungua. Akagonga kimoja kwa ukucha. Akaweka sikio.

"Chuma kimevunjika," alisema.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Na sisi tunaona kimevunjika, Mzee!" Wakacheka. Mnoaji akaviweka vipande mezani, akaomba ruhusa, akaondoka.

Basi ikawa ni mimi. Tajiri alimtolea marehemu sanda na gunia la mchele. Mama yake Generoza, ambaye alinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, aliacha kunisalimu. Nyie mnajua kwetu salamu ni kitu gani: mtu anainama, anapiga makofi taratibu, anakuuliza ya nyumbani mpaka ya kuku. Tulipokutana njiani aliangalia upande wa migomba akapita. Baadaye alihamia kwa kijana wake Munanila, watu wakasema amekimbia sura yangu. Miaka tisa.

Mtaniuliza, ukaenda tena kunoa kwake? Nilienda. Nani mwingine angenoa kwa mashoto? Nilimpa mundu, akauchukua mkono, akanoa, nikaondoka. Hakuniita tena "Goti?" nami sikumwambia kitu. Nilikuwa nachukia na kunolewa kwa wakati mmoja, na nawaambieni inachosha kuliko kulima.

Kiangazi hiki nilifika kwa Haji nikakuta gogo tupu. Haji akasema Mzee hatoki tena, macho yameingia ukungu. Nikaenda kwake. Alikuwa amekaa mlangoni juani, mikono inatetemeka. Mkewe akasema kwa sauti, "Amekuja yule wa mundu." Akasema, "Lete mkono." Nikampa wa kulia makusudi, ule wa vidole vitatu. Aliushika. Hakuuachia.

Kisha akaomba mundu, akaigonga, akasikiliza. "Hii inalia," alisema. "Ile haikulia."

Nikakaa chini.

"Medadi alizileta tisa," alisema. "Nane zilikuwa mbaya lakini zinalia. Moja haikulia. Nikafuta masizi nikaona buluu. Nikaiweka kando. Medadi akasema, Mzee, nataka tisa, ukinipa nane, zote narudisha kwa Filbati na hutaniona tena. Na wakati ule kila mtu alikuwa kwa Filbati. Nikasema, itakata majani tu, itadumu msimu."

"Ulijua ni ya nani?"

"Niliilaza upande wa kushoto, Mashoto. Ningekosa kujua?"

Nilitaka kumpiga. Niseme ukweli, mkono uliinuka. Mkewe alikuwa amesimama na sufuria, hakunizuia. Nikauliza, "Na kwenye kikao?"

"Ningesema kimeungua, wangeniuliza nani alikipa makali."

"Utakuja kulisema hilo kwa mama yake Generoza."

"Miguu haina nguvu."

"Miguu yako haina kazi. Ni mdomo."

Nikaita bodaboda. Tukapanda mshikaki, Mnoaji katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno, tukafuata njia ya Manyovu. Kijana wa bodaboda akauliza, "Mama, babu anakwenda hospitali?" Nikasema, "Anakwenda kutapika." Mzee alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu, na jambo hilo nalo liliniudhi.

Munanila tulimkuta yule mama kwenye jamvi, anapukuchua maharage. Amezeeka. Mnoaji alipiga makofi, akamsalimu, "Mwidiwe." Akaitikia, wakaulizana mpaka ya ng'ombe. Mimi nilipiga makofi yangu pia, na hayo yaliishia mikononi mwangu.

Mnoaji akasema yote. Hakupunguza. Alieleza tok, akaeleza buluu, akaeleza upande wa kushoto. Yule mama hakuacha kupukuchua. Mzee alipomaliza, mama akauliza, "Kwa hiyo ni Medadi, na yule wa mashine, na wewe."

"Na mimi."

"Na huyu?" Alinionyesha kwa midomo.

"Huyu hayumo."

Maganda yakaendelea kuanguka. Miaka tisa nilikuwa nimepanga maneno ya siku hii. Nilitaka anipe pole. Nilitaka aite majirani, Mnoaji aseme tena kwa sauti, habari ifike Kagerankanda mpaka mlangoni kwa Mama Anezia. Yule mama akamwambia Mnoaji, "Nimesikia. Pumzika, utaletewa maji." Hakumwambia amesamehe wala hajasamehe. Kisha akanigeukia mimi, usoni kabisa.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Walikuwa wamenifanya mkosaji, na mkosaji haulizwi hivyo.

"Alisema mbuzi," nikamwambia. "Alisema, mwambieni mama, nimemfunga mbuzi juani, amhamishe. Alirudia mara mbili. Basi."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Mchana ule nilimkuta mbuzi ana kiu, ulimi nje," alisema. "Nikamtukana Generoza, pale peke yangu, nikamtukana sana. Nikasema akirudi atanitambua. Nilikuwa bado natukana walipokuja kuniita."

Akasogea kwenye jamvi akaacha nafasi. Nikakaa, nikachukua maharage, nikaanza kupukuchua kwa mkono wangu wa kushoto, na akaniuliza yule mbuzi Generoza alimtaja kwa sauti gani.